Tagi ya Getini

Nusu saa kabla ya ndege kuondoka, mhudumu wa geti hushika kipaza sauti na kutangaza jambo ambalo wasafiri wazoefu walishalihisi tangu walipouona umati: safari imejaa, nafasi ya mabegi ya mkononi haitoshi, na shirika linaomba watu wa kujitolea ili mabegi yao yaingie chini bila malipo. Wawili watatu hunyanyuka. Waliobaki huinamia simu zao. Zikipita dakika kumi ombi hugeuka amri, na amri hiyo haimwangukii kila mtu. Humwangukia aliye mkiani mwa foleni.

Hapo ndipo sauti hupanda. Abiria anasema amelipa nauli kamili na begi lake lina vipimo halali. Mhudumu anasema makabati yamejaa na ndege inachelewa. Wote wawili wanasema kweli, ndiyo maana ugomvi wao hauna mshindi. Ukiwatazama kwa mbali utadhani mmoja ni mkaidi na mwingine ana roho mbaya. Kwa maoni yangu wanalipa deni la watu wengine: nafasi iliyo juu ya viti iliahidiwa kwa watu wengi kuliko inavyoweza kubeba, na aliyetoa ahadi hiyo hayupo getini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika ndege kama Boeing 737, yenye viti vitatu kila upande wa njia, kabati moja la juu hufunika takriban mistari miwili ya viti, yaani watu sita. Kabati la muundo wa zamani huingia mabegi manne ya magurudumu yakiwa yamelazwa. Watu sita, mabegi manne. Na hapo hatujahesabu makoti, mifuko ya dukani na blanketi za wahudumu. Mwaka 2015 Boeing walitangaza kabati jipya lenye kina zaidi, ambamo begi husimamishwa kwa ubavu wake na sita huingia. Airbus nao wana makabati yao makubwa. Tatizo lingekwisha, ila ndege hutumika miaka 20 na zaidi, na mashirika hayakimbilii kubomoa dari ya ndege nzima kwa sababu abiria wa mstari wa 28 amekasirika.

Wazazi wetu hawakulijua tatizo hili, kwa kuwa sanduku la enzi zao lilikuwa mzigo kweli kweli. Lilibebwa kwa mpini, liliacha alama kiganjani, na mwenye busara alilikabidhi kaunta mapema ili apumzike. Mwaka 1970 Mmarekani Bernard Sadow, aliyekuwa katika biashara ya mabegi, alikuwa akirudi kutoka mapumzikoni Aruba na masanduku mawili mazito. Uwanjani akamwona mfanyakazi akisukuma mashine nzito juu ya jukwaa la magurudumu bila kutoka jasho, na wazo likamjia. Hataza yake ilitolewa mwaka 1972: sanduku lenye magurudumu manne na kamba ya kuvutia. Maduka yalimkatalia kwanza, na hata yalipokubali, sanduku lile lilikuwa na tabia ya kuyumba na kuanguka kwenye kona. Aliyelimaliza tatizo ni rubani. Mwaka 1987 Robert Plath wa Northwest Airlines alilisimamisha sanduku wima, akalitia magurudumu mawili na mpini wa kuchomoa. Wateja wake wa kwanza walikuwa marubani na wahudumu wenzake. Abiria waliwaona wakipita ukumbini kwa mwendo wa maringo, begi likiwafuata nyuma, nao wakalitaka. Plath akaacha urubani na kuijenga kampuni ya Travelpro.

Begi la Plath lilikuwa begi la kuingia nalo ndani. Boeing walipochunguza mwendo wa abiria kupanda ndege, waligundua kwamba tangu mwaka 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 kasi ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu, kutoka watu 20 hivi kwa dakika hadi karibu 9. Mizigo ya mkononi ilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Hata hivyo magurudumu peke yake yasingetufikisha hapa. Ada ndizo zilizotufikisha. Ryanair ya Ireland ilianza kutoza mzigo wa chini mwaka 2006. Mashirika makubwa ya Marekani yalisita hadi mafuta yalipoyabana: Mei 2008 American Airlines ilitangaza dola 15 kwa begi la kwanza, kuanzia Juni 15, na Julai mwaka huo pipa la mafuta ghafi likapita dola 140. Wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine. Kabla mwaka haujaisha bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka. Ada zikabaki palepale, kisha zikaanza kupanda. Mwaka 2023 mashirika ya Marekani yalikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kutokana na ada za mizigo. Southwest, lililojitangaza kwa miaka mingi kuwa kwake mabegi mawili hayalipiwi, nalo likasalimu amri Mei 28, 2025.

Mwambie mtu kwamba chini ni dola 35 na juu ni bure, kisha umtazame atakavyofunga mzigo. Atakunja suruali hadi ziwe kama chapati, atavaa viatu vizito, atatia chaja kwenye soksi, na begi lililokuwa la kaunta litakuwa la mkononi. Ndivyo walivyofanya mamilioni ya watu, na walifanya kilicho sawa kwa mifuko yao. Mashirika yaliuza tumbo la ndege na kuacha makabati bure, kisha yakatangaza kwa mshangao kwamba makabati yamejaa.

Kuna kichekesho ndani yake. Aliyelipa dola 35 kaunta na aliyepokonywa begi getini hukutana mbele ya mkanda mmoja wa mizigo. Mabegi yao yamelala chumba kimoja usiku kucha, mmoja kalipa, mwingine hakutoa hata senti. Wapo wanaolijua hilo na kulifanyia kazi: hufika getini na begi lililotuna, hungoja tangazo, hujitolea wa kwanza wakitabasamu, na huingia ndani mikono mitupu. Sioni kosa lao.

Mashirika ya bei nafuu yaliona tundu hilo na kuliziba. Aprili 2010 Spirit ya Marekani ilitangaza kwamba hata begi la kabatini litalipiwa. Seneta Chuck Schumer alipinga kwa nguvu. Ada ikaanza Agosti kama ilivyopangwa, na ilikuwa ghali zaidi kwa aliyengoja hadi getini. Ryanair ilikwenda kwa hatua mbili. Januari 2018 ilianza kuyachukua mabegi ya magurudumu ya abiria wa kawaida getini na kuyashusha chini bure. Novemba mwaka huohuo ikabadilisha tena: bila malipo ni begi dogo tu linaloenea chini ya kiti cha mbele. Tangu hapo geti likawa kituo cha ukaguzi, na ile fremu ya chuma ya kupimia mabegi ikawa kama mizani ya barabarani kwa dereva wa lori.

Kwa nini mkaguzi awe mkali hivyo? Novemba 2024 kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba mashirika ya Frontier na Spirit yalilipa wafanyakazi wa getini na wengineo jumla ya dola milioni 26 katika miaka ya 2022 na 2023, kwa kuwakamata abiria ambao mabegi yao yalizidi kipimo. Ryanair nayo haifichi kwamba hulipa kwa kila begi linalonaswa, na mwaka 2025 ilisema inapandisha malipo hayo kutoka euro 1.50 hadi 2.50. Kwa hiyo ukimwona kijana wa geti akilisukuma begi lako kwenye fremu kwa bidii isiyo ya kawaida, usimchukie sana. Mshahara wake umepangwa hivyo. Lakini huruma yangu haimfikii mwajiri wake.

Mahakama ya Ulaya ilishalitazama jambo hili. Septemba 2014, katika shauri lililohusu shirika la Vueling la Hispania, ilisema mzigo wa mkononi ni sehemu ya lazima ya kusafirisha mtu, hivyo kimsingi haupaswi kutozwa ada ya ziada, mradi uzito na vipimo vyake viwe vya kiasi na utimize masharti ya usalama. Nani aamue kiasi ni kipi? Hapo ndipo mabishano yalipohamia. Shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, lilijaribu mwaka 2015 kupendekeza kipimo kimoja cha sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Kilikuwa kidogo kuliko vilivyokuwa vikikubaliwa na mashirika mengi, abiria wakaja juu, na baada ya siku chache mpango ukasitishwa. Novemba 2024 Hispania iliyatoza Ryanair, easyJet, Vueling, Norwegian na Volotea faini ya jumla ya euro milioni 179, ada za mabegi ya mkononi zikiwa miongoni mwa makosa. Mashirika hayo yalipinga, na vita bado vinaendelea.

Turudi kwenye foleni, maana lipo lalamiko moja ambalo hata wapole hulitoa. Umepokonywa begi kwa maelezo kwamba hakuna nafasi. Unaingia ndani, unatazama juu, na kabati lililo juu ya kiti chako liko tupu nusu. Umedanganywa?

Mara nyingi hapana. Mhudumu wa geti hawezi kuyaona makabati. Anachojua ni aina ya ndege, idadi ya abiria, na anachoambiwa na wenzake waliomo ndani, huku mlango ukipaswa kufungwa kwa saa iliyopangwa. Akikosea kwa kuyachukua mabegi mengi mno, watu kadhaa watanung'unika na ndege itaondoka kwa wakati. Akikosea kwa kuyachukua machache mno, abiria atafika mstari wa 28 na begi lisilo na pa kukaa, atalazimika kurudi nalo mbele akipishana na watu 60 wanaosukumana kuingia kwenye njia yenye upana wa mtu mmoja, na begi lile litatiwa tagi mlangoni ilhali wapakiaji chini wameshafunga. Makosa hayo mawili hayana gharama sawa. Mtu yeyote angekosea upande ule wa kwanza.

Na kweli begi ndilo linalokula muda. Jason Steffen, mwanafizikia wa anga za juu, alichoshwa na kusimama kwenye foleni za ndege akaamua kuzifanyia hesabu; makala yake ilitoka mwaka 2008. Baadaye yeye na mtayarishaji wa televisheni Jon Hotchkiss walifanya majaribio kwa watu 72 ndani ya ndege ya maigizo yenye mistari 12. Kupandisha watu kwa makundi kulichukua karibu dakika saba. Kuwaacha waingie ovyo ovyo, dakika tano kasoro kidogo. Njia ya Steffen, ambamo wanaofuatana huachiana mstari mmoja ili kila mmoja apate nafasi ya kunyanyua begi bila kumgonga mwenzake, ilichukua dakika tatu na nusu hivi. Kumbe si miguu inayochelewesha, ni mikono iliyo juu.

Mashirika hayakuichukua njia yake, na sababu si hesabu. Utaratibu wa kupanda umeshauzwa. Wa daraja la mbele, wenye kadi za dhahabu, wenye kadi fulani za benki, walioongeza fedha kidogo kwa "kipaumbele": wote hao wamenunua haki ya kufika kabatini kabla ya wengine. Zamani haki hiyo haikuwa na thamani, kwani nani alikuwa na haraka ya kwenda kukaa? Ilipata bei siku makabati yalipoanza kutotosha. Ukilitazama hivyo, uhaba wa makabati hauliumizi shirika kiasi unachodhani.

Kwetu Afrika Mashariki neno kubwa ni kilo. Emirates na Qatar Airways, zinazowabeba wafanyabiashara wetu wengi kwenda na kurudi Dubai na China, huruhusu kilo 7 za mkononi daraja la kawaida. Kilo 7 ni begi tupu, jozi mbili za viatu na vifaa vya simu. Anayerudi Kariakoo na sampuli za bidhaa anayo zaidi ya hayo, na mizani ikitokea getini mazungumzo huwa ya namna hii:

"Shikamoo mama. Naomba tulipime hilo begi."

"Marahaba mwanangu. Hili? Hili la mkononi tu, nguo za wajukuu."

"Naelewa mama, lakini linasoma kumi na moja. Itabidi lishuke chini, utalikuta Dar."

"Ngoja basi nipunguze."

Na mama hupunguza kweli: anavaa makoti mawili, anajifunga khanga tatu kiunoni, anatia viatu vya mtoto mifukoni, na begi linasoma saba. Ndege haijali kama kilo nne ziko begini au mabegani. Uzito ni uleule. Lakini kabati linajali, kwa kuwa lina kikomo chake cha uzito, na kichwa cha anayekaa chini ya kabati kinajali zaidi.

Kwenye ndege ndogo mambo huwa wazi zaidi, na kwa kweli yana heshima zaidi. Cessna Caravan zinazoruka Dar hadi Zanzibar au kutoka Wilson, Nairobi, hadi mbugani hazina makabati ya juu. Uzito wote wa kuruka, mafuta na watu wakiwemo, ni kama tani nne, kwa hiyo abiria wa safari za mbugani huambiwa mapema: kilo 15, begi laini lisilo na fremu, kwa sababu litasokomezwa kwenye sanduku la mizigo lililo chini ya tumbo la ndege. Rubani anaweza kukwambia ukae wapi kulingana na mwili wako na hakuna anayenuna. ATR na Dash 8 za safari za ndani zina makabati, lakini membamba. Begi la magurudumu linaloingia vizuri kwenye ndege kubwa huachwa chini kwenye ngazi.

Hapo ndipo pa kuuliza swali ambalo wengi husahau: begi hili nitalichukua wapi? Tagi ya getini ina maana mbili tofauti. Kuna ya kurudishiwa mlangoni, inayotumika sana kwenye ndege ndogo na kwa vigari vya watoto: unaliacha begi kwenye ngazi, unashuka, unalikuta kwenye ngazi. Na kuna ya kwenda hadi mwisho wa safari, ambapo begi huungana na mizigo mingine na hutaliona tena hadi kwenye mkanda. Anayebadilisha ndege Addis Ababa na kulala huko usiku mmoja, huku nguo za kubadilisha zimetagiwa hadi Washington, atalala na alizovaa. Na anayeingia Marekani kutoka nje kwa kawaida huchukua mizigo yake kwenye uwanja wa kwanza anaofikia, aipitishe forodha, kisha aikabidhi upya. Begi la getini likiwa na tagi ya mwisho wa safari linahusika pia. Soma herufi tatu zilizoandikwa kwenye tagi kabla hujaliachia.

Kisha lifungue, utoe visivyopaswa kushuka chini. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote ya sura hii, kwa kuwa mtu hupanga begi la mkononi akiamini litakuwa naye. Ndani yake kuna dawa za presha, pasipoti, funguo, kompyuta, fedha taslimu na pawabenki. Getini, kwa dakika moja, mbele ya macho ya watu wote, unaombwa uligeuze kuwa begi la aina nyingine. Ubaya wa kupoteza dawa au pasipoti hauhitaji maelezo. Pawabenki inayahitaji.

Betri ya lithiamu iliyoharibika huweza kujichemsha yenyewe: seli moja hupata joto, huichoma jirani yake, na mnyororo hauishi hadi zote ziungue. Chumba cha mizigo cha ndege za abiria kina gesi ya haloni ya kuzimia moto, nayo huzima miali vizuri, lakini haiwezi kuipoza betri inayojichemsha. Septemba 3, 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747, ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka Dubai; shehena yake ilikuwa na betri nyingi za lithiamu. Marubani wote wawili walikufa. Kwa sababu ya hatari ya aina hii sheria za anga zinaweka betri za akiba ndani, pamoja na watu: ikifuka moshi, kuna macho ya kuuona na maji ya kuipozea. Januari 28, 2025 moto ulianzia kwenye kabati la juu la ndege ya Air Busan iliyokuwa bado chini uwanjani Busan, Korea Kusini, na pawabenki ndiyo iliyoshukiwa. Watu wote 176 walitoka, ndege ikateketea. Baada ya hapo shirika hilo, na mengine ya Asia, yalikataa pawabenki kuwekwa hata kabatini. Ikae mwilini au mbele ya macho yako.

Kiwango cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri bila kuomba ruhusa. Pawabenki ya mAh 20,000 ina kama 74, ya mAh 27,000 inagusa mia. Sigara za kielektroniki nazo haziruhusiwi chini. Hata mabegi yenye betri za kuchajia simu zilizojengewa ndani yalijikuta matatani: kuanzia Januari 15, 2018 American, Delta na Alaska yalitaka betri hiyo iweze kuchomolewa, yakifikiria hasa siku begi litakapolazimika kushuka chini ghafla.

Lipo na jambo la upande wa pili, ambalo wanaopenda kulaumu tagi hawalisemi. Ndege hupewa cheti baada ya kuthibitishwa kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90 huku nusu ya milango imefungwa. Majaribio hayo hayana mtu anayepanda juu ya kiti kutafuta begi lake. Agosti 3, 2016 Boeing 777 ya Emirates ilianguka kwenye njia ya kurukia Dubai, na video iliyorekodiwa ndani ilionyesha watu wakifungua makabati huku moshi ukiingia. Wote 300 waliokuwemo walinusurika, ingawa mzimamoto mmoja alikufa. Januari 2, 2024 Airbus A350 ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani huko Haneda, Tokyo, ikawaka. Abiria waliacha mabegi walipoambiwa waache, na watu wote 379 waliokuwemo wakatoka hai. Begi lililoko chini halimshawishi mtu.

Sasa sheria. Abiria wengi hudhani tagi ni karatasi ya kumbukumbu tu. Kwa safari za kimataifa zinazoangukia chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, tagi ile inahamisha wajibu. Begi likiwa mkononi mwako, shirika linawajibika kwa uharibifu ikiwa tu kosa ni lake. Likishatagiwa na kupokelewa linakuwa mzigo uliokabidhiwa, na shirika linawajibika hata bila wewe kuthibitisha kosa, isipokuwa uharibifu umetokana na hali ya kitu chenyewe, ubora wake au kasoro yake. Kikomo cha fidia kwa abiria mmoja, tangu Desemba 28, 2024, ni vizio 1,519 vya haki maalumu za kutoa fedha (SDR), kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu dola 2,000. Mkataba wa zamani wa Warsaw wa mwaka 1929 ulilipa mzigo wa chini kwa kilo, kana kwamba thamani ya mtu huonekana kwenye mizani.

Mkataba wa Montreal unaruhusu pia kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia nyongeza. Kwa maandishi, wakati huo unaweza kuwa getini. Jaribu kuomba fomu hiyo dakika 12 kabla ya mlango kufungwa.

Begi likifika limevunjika, malalamiko ya maandishi yatolewe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Zikipita siku 21 tangu lilipopaswa kufika na halijaonekana, linahesabiwa limepotea. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 2, si zaidi. Pita dawati la mizigo kabla hujatoka ukumbini, upewe namba ya taarifa, na kipande cha tagi ulichopewa getini kibaki mfukoni. Wapo wanaokitupa wakidhani ni uchafu kwa kuwa hawakulipa chochote.

Safari za ndani tu, kama Nairobi hadi Kisumu, hazimo kwenye mkataba. Huko hutawala sheria za nchi na masharti ya tiketi. Ila anayetoka London kwenda Mwanza kwa tiketi moja kupitia Dar es Salaam, begi lake likichukuliwa kwenye ngazi za ndege ndogo ya Mwanza, bado yuko kwenye safari ya kimataifa, na kikomo ni kilekile. Aliyenunua kipande cha Mwanza peke yake baada ya kufika, kwa kawaida hana haki hiyo, hata kama wamekaa kiti kwa kiti.